Hadithi Ambayo Mwisho Wake Unaujua

Msichana wa miaka 16, mpole, mpenda kuoka keki na mwoga wa kuendesha gari, anakubaliana na mvulana anayejulikana kuliko wote shuleni kwamba watajifanya wapenzi. Mvulana anataka kumrusha roho msichana aliyeachana naye. Msichana anataka jirani yake, ambaye mpaka juzi alikuwa mpenzi wa dada yake, aamini kwamba hana habari naye. Wanaandika mkataba wenye masharti: siri isitoke nje, mvulana atamwandikia msichana kijibarua kila siku, na mengine ya namna hiyo. Yeyote aliyewahi kusoma riwaya mbili tatu za aina hii anajua papo hapo kwamba hawa wawili watapendana kweli. Mwandishi naye anajua kwamba tunajua. Na kurasa zilizobaki bado ni nyingi.

Hapo ndipo kazi inapoanza, na ndiyo kazi ninayotaka kuisifu. Kitabu ni *To All the Boys I've Loved Before* cha Jenny Han, Mmarekani mwenye asili ya Korea aliyezaliwa Richmond, Virginia. Kilitoka mwaka 2014, kikafuatwa na vingine viwili, na mwaka 2018 Netflix ikakitolea filamu.

Wanaozibeza riwaya za mapenzi za vijana wana hoja moja wanayoirudia: ukisoma moja umezisoma zote. Tuwakubalie. Kuna msichana mtulivu asiyejua uzuri wake. Kuna kijana mwenye jina kubwa, au kijana mkorofi mwenye jeraha moyoni. Kuna jirani aliyekuwepo siku zote, rafiki mwenye mdomo, na msichana mwenye sumu anayezitawala korido za shule. Kuna mzazi aliyefariki au aliyeondoka. Ongeza dansi, safari ya shule, kutoelewana, machozi, mtu anayekimbia kumwahi mwenzake, busu. Wasomaji wenyewe wameipa majina karibu kila mbinu, na wanatafuta vitabu kwa majina hayo: maadui wanaogeuka wapenzi, wapenzi bandia, pembetatu, kitanda kimoja. Wananunua macho yakiwa wazi.

Kwetu sisi jambo hili halipaswi kushangaza. Msikilizaji wa tarbia anajua tangu ubeti wa kwanza kwamba mishororo itakuwa minne, kwamba mizani itakuwa 16, kwamba kina cha kati kitarudi na kibwagizo kinamngoja mwishoni. Hakuna anayeinuka na kwenda zake kwa sababu kibwagizo kimerudiwa. Anakaa aone mshairi atakifikiaje safari hii, na kama atapotea njiani anajua mara moja, kwa sababu njia anaijua. Kanuni inamfanya msikilizaji awe hakimu mkali. Msomaji wa mapenzi ya vijana ni hakimu wa aina hiyo hiyo, hata akiwa na miaka 14.

Mwaka 2003 mhakiki wa Marekani, Pamela Regis, alichapisha kitabu kuhusu riwaya ya mapenzi ya Kiingereza tangu karne ya 18, akabainisha viungo vinane ambavyo haikosi: jamii ilivyo, kukutana, kizuizi, mvuto, tamko la mapenzi, saa ambayo kila kitu kinaonekana kimekufa, utambuzi unaokiondoa kizuizi, na ahadi ya kuwa pamoja. Jane Austen anavyo vyote katika *Pride and Prejudice* ya mwaka 1813. Regis anaonyesha pia kwamba viungo hivi havina foleni ya lazima. Kimoja kinaweza kumtangulia mwenzake, kingine kikarudi mara mbili.

Kiungo kinachomtoa jasho mwandishi wa vijana ni kizuizi. Austen alikikuta tayari mlangoni: fedha, urithi, hadhi ya ukoo. Msichana wa leo katika kitongoji cha Virginia hana hicho. Baba yake ni daktari mpole, shule ni ya mchanganyiko, simu iko mfukoni, na kama kuna mtu anampenda angeweza kumwambia kabla ya kipindi cha pili. Hadithi ingekwisha ukurasa wa kumi. Kwa hiyo mwandishi analazimika kujenga ukuta mahali ambapo jamii haikujenga, na ukuta huo msomaji auamini. Kazi hii ni ngumu kuliko inavyodhaniwa na wasioijaribu.

Tazama Han anavyoujenga wake. Lara Jean Song Covey ana tabia ya kumwandikia barua kila mvulana aliyempenda, barua za kuyaaga mapenzi yenyewe, zisizokusudiwa kutumwa. Anazihifadhi ndani ya boksi la kofia alilopewa na mama yake, ambaye sasa ni marehemu. Barua ni tano. Siku moja zinatumwa bila yeye kujua. Tukio hilo moja linafanya kazi za matukio manne. Linatoa nje siri ambayo msichana mwenye haya asingeitamka hata kwa kuchapwa. Linamgeuza jirani, Josh, kuwa hatari, maana barua yake ina ukweli ambao bado uko hai. Linampa Peter Kavinsky, yule mvulana maarufu wa mkataba, sababu ya kumfuata Lara Jean. Na, hili ndilo linalonifanya nimvulie Han kofia, linaweka tamko la mapenzi mwanzoni mwa kitabu, kabla ya mapenzi yenyewe. Kiungo cha tano kimeruka foleni. Barua ya Peter ni ya zamani na inasema mambo yaliyokwisha, kwa hiyo wawili hawa wanaanza safari wakiwa wamekwisha kupashana neno ambalo wapenzi wengine hulifikia mwishoni, ila limekufa. Kitabu kizima ni kazi ya kulifufua.

Ndipo unakuja mkataba. Wapenzi bandia ni mbinu kongwe, na katika riwaya za vijana imetumiwa sana. Kasie West, kwa mfano, aliijengea kitabu kizima, *The Fill-In Boyfriend*, mwaka 2015. Inaufaa umri huu kwa sababu inaitatua haya. Kijana anaweza kumshika mwenzake mkono, kukaa naye wakati wa chakula, kurudishwa nyumbani kwa gari lake, kujulishwa kwa mama yake, na kila mara akajiambia kwamba anaigiza. Kila tendo linabeba maana mbili na msomaji anazisoma zote kwa pamoja. Ni kinaya kile kile tulichofundishwa darasani, sisi tunajua na mhusika hajui, ila hapa kimenyooshwa kikashikilia riwaya nzima. Na kila sharti la mkataba ni ahadi kwa msomaji kwamba litavunjwa. Anasoma akisubiri siku.

Mwandishi asiye fundi huyavunja masharti yote katika sherehe moja, muziki ukiwa juu. Han ana subira. Katika sehemu moja Peter anamchukua Lara Jean kwenda kutafuta samani za kale kwa ajili ya duka la mama yake. Pale hakuna umati wa shule wa kudanganywa. Igizo lisilo na watazamaji si igizo tena, lakini Han hasimami kutuonyesha kwa kidole. Anaendelea na safari na samani kana kwamba hakuna lililotokea, na msichana, anayesimulia kwa nafsi ya kwanza na kwa wakati uliopo kama wasimulizi wengi wa riwaya hizi, hana mahali pa kusimama aone mbali kuliko tunavyoona sisi. Laiti angesimulia kwa wakati uliopita, akiwa na miaka 30, angetuambia. Wakati uliopo umemfunga kitambaa machoni, nasi tumeachwa tunaona.

Mwanafunzi wa fasihi wa kwetu hufundishwa kumheshimu mhusika duara na kumshuku mhusika bapa. Somo zuri, lakini kwa ufundi huu halitoshi. Aina ya mhusika inamwokolea mwandishi muda. Ukisema kijana maarufu, mcheza lacrosse, mwenye tabasamu la kujiamini, msomaji amekwisha kumjua; mwandishi hahitaji sura tatu za kumtambulisha. Anazitumia sura hizo kumpasua. Peter anayecheka na kila mtu ni mtoto wa baba aliyeondoka akaanzisha familia nyingine, na habari hiyo inatolewa kidogo kidogo, pembeni ya mazungumzo mengine. Kitty, mdogo wake Lara Jean mwenye miaka tisa, ni yule mtoto mchokozi wa kila kitabu, wa kutuchekesha tu. Lakini ni yeye, kwa hasira ya kuguswa mahali panapouma, aliyezituma barua. Mhusika wa kichekesho ndiye aliyewasha injini ya hadithi yote, tena alikuwa mbele ya macho yetu.

Msichana mwenye sumu, Genevieve, hakupata bahati hiyo katika kitabu cha kwanza. Pale ni sumu tupu, na nadhani Han alijua, kwa sababu katika cha pili, *P.S. I Still Love You* cha mwaka 2015, anarudi kumtazama upya: urafiki wa utotoni uliovunjika, matatizo ya nyumbani. Napenda waandishi wanaorudi kurekebisha.

Mama marehemu ni aina nyingine inayochekwa. Kwa nini wazazi wanakufa hovyo katika vitabu hivi? Kwa wavivu, ni chanzo rahisi cha machozi. Kwa Han ni mhimili wa nyumba. Mama alipofariki, dada mkubwa, Margot, alichukua nafasi yake. Kitabu kinaanza Margot akiondoka kwenda kusoma Chuo Kikuu cha St Andrews, Uskoti. Kwa hiyo Lara Jean anapoteza mama mara ya pili, na kwa mara ya kwanza yeye ndiye mkubwa nyumbani. Anayeweza kumwambia kuhusu Josh ni dada yake, na dada ndiye mtu pekee asiyeweza kuambiwa. Ukuta ule tuliokuwa tunautafuta umeonekana. Haumo kwa Peter hata kidogo, umo ndani ya familia.

Kisha kuna swali la nani anasimama ndani ya aina. Kwa miongo mingi "msichana wa kawaida" wa riwaya hizi alikuwa mzungu bila hata kusemwa. Han ameandika kwamba kabla ya filamu, watayarishaji walikitaka kitabu chake lakini wakataka mhusika mkuu awe mzungu, na kampuni iliyopewa kazi ni ile iliyokubali achezwe na mwigizaji mwenye asili ya Asia. Lara Jean hapambani na ubaguzi kila ukurasa; anaoka, anaogopa usukani, anapenda. Kumpa msichana wa aina yake haki ya kuwa wa kawaida lilikuwa jambo la kupigania.

Ufundi huu haukuanza jana. Mwaka 1942 Maureen Daly alichapisha *Seventeenth Summer*, hadithi ya msichana na mvulana wa mji mdogo wa Wisconsin katika majira ya joto kabla ya chuo, aliyoiandika akiwa bado mwanafunzi. Miaka ya 1980 ikawa kiwanda: mfululizo wa Sweet Dreams mwaka 1981, kisha Sweet Valley High wa Francine Pascal mwaka 1983, mapacha wawili wa California, vitabu zaidi ya 100, vikiandikwa na waandishi wa kukodiwa chini ya jina moja la kubuni. Katika miaka hiyo mabweni ya wasichana Kenya yalikuwa yakizungusha Mills & Boon chini ya magodoro, vitabu vya watu wazima kutoka London vilivyosomwa na vijana. Walimu walivinyang'anya. Sijui kama kuna vitabu vya kiada vilivyosomwa kwa bidii ile.

Siitetei kila riwaya ya kiwandani. Kuna mambo mawili katika mkondo huu yananichosha. La kwanza ni kijana mwenye wivu wa kumiliki, anayewatisha wavulana wengine wasimsogelee msichana, nasi tunaambiwa huko ndiko kupendwa. *The Kissing Booth* ya Beth Reekles ina kijana wa namna hiyo. Mwandishi ana udhuru: alikuwa na miaka 15, huko Wales, alipoanza kuiweka kwenye tovuti ya Wattpad mwaka 2011 sura baada ya sura, na mamilioni wakaisoma kabla haijawa kitabu na baadaye filamu. Kuandika kwa mafungu kunafundisha jambo ambalo waandishi wa hadithi za magazetini Dar es Salaam walilijua zamani: kila fungu lazima liishe mahali ambapo neno "itaendelea" linauma. Reekles alilijua hilo akiwa bado na sare ya shule. Kijana wake ndiye anayenikera, si ufundi wake.

La pili ni kutoelewana kunakoweza kumalizwa na simu ya dakika moja. Saa ile ambayo kila kitu kinaonekana kimekufa ndiyo kipimo cha fundi. Ikiwa wapenzi wanatengana kwa sababu msichana alisikia nusu ya sentensi nyuma ya mlango, mwandishi ameishiwa. Wakitengana kwa sababu ya jambo ambalo lilikuwa ndani yao tangu sura ya kwanza, tunaumia kwa haki.

Nicola Yoon, aliyezaliwa Jamaika na kukulia huko na Marekani, alichukua kipengele kinachodharauliwa kuliko vyote, mapenzi ya kuonana tu, akakifanya hoja. Katika *The Sun Is Also a Star* ya mwaka 2016, Natasha, msichana Mjamaika anayeamini sayansi pekee, na Daniel, mvulana mwenye wazazi Wakorea anayeelekea kwenye usaili wa Yale, wanakutana New York. Usiku huo huo familia ya Natasha inafukuzwa nchini. Wana siku moja. Yoon hatuombi tuamini kwamba watu hupendana haraka; anamweka mbishi ndani ya hadithi yenyewe, kisha Daniel anamjaribu kwa maswali yanayotokana na utafiti wa mwanasaikolojia Arthur Aron na wenzake wa mwaka 1997, yale maswali 36 yaliyobuniwa kuwaleta karibu watu wasiojuana. Pingamizi zote za msomaji zinasemwa na Natasha kabla msomaji hajafungua mdomo. Hapa kizuizi kimerudi kuwa cha kweli kama cha enzi za Austen: sheria ya uhamiaji. Katikati Yoon anaingiza sura fupi za watu wa pembeni, mlinzi wa jengo la serikali, baba, hata historia ya biashara ya bidhaa za nywele za watu weusi inayoendeshwa na Wakorea, kwa sababu baba yake Daniel ana duka la namna hiyo. Na ndege inaondoka. Wakili hafanikiwi. Furaha ambayo kanuni inaidai inakuja, lakini imecheleweshwa kwa miaka na kuletwa na mtu ambaye tulidhani ni wa kupita tu. Kwa maoni yangu hakuna aliyeikunja kanuni hii namna hiyo bila kuivunja.

Mwisho wenyewe ni tatizo la pekee la riwaya za vijana. Mapenzi ya watu wazima yanaweza kufunga kwa ndoa. Vijana wa miaka 17 hawaoani, na mwandishi akiwaoza tunamcheka. Katika mkondo wa Kimarekani, nafasi ya harusi imechukuliwa na barua ya chuo kikuu. Ndiyo inayoamua nani atakuwa wapi, na ndiyo inayoleta simanzi. *Always and Forever, Lara Jean*, kitabu cha tatu cha Han cha mwaka 2017, kinalizungukia hilo: Peter amepata nafasi Chuo Kikuu cha Virginia, Lara Jean amekataliwa pale pale. Hakuna mwovu, hakuna aliyemsaliti mwenzake, ni bahasha tu. Pembetatu nayo hufungwa kwa njia inayofanana. Belly, msichana wa *The Summer I Turned Pretty*, riwaya ya Han ya mwaka 2009, anayumba kati ya ndugu wawili kwa vitabu vitatu, na kinachotushika ni yeye anataka kuwa mtu gani akiwa na kila mmoja wao.

Miaka ya 1980 mtafiti Janice Radway aliwahoji wanawake wa mji mmoja wa Marekani waliokuwa wasomaji wakubwa wa riwaya za mapenzi, akatoa kitabu mwaka 1984. Baadhi yao walitazama kurasa za mwisho kwanza, wahakikishe kwamba mambo yataisha vizuri, ndipo wakaanza mwanzo kwa amani. Mtu anaweza kuona huo ni uvivu wa kusoma. Mimi naona ni msomaji anayemwambia mwandishi: taharuki ya nini kitatokea nimekusamehe, nionyeshe kitatokeaje.

Kwa anayetaka kuonja, ushauri wangu ni huu. Anza na Lara Jean, kitabu kabla ya filamu, kwa kuwa filamu imehamishia hadithi Oregon na kubadilisha mengi madogo ambayo ndiyo yenye utamu. Kisha Yoon. Pembetatu ziache mpaka uwe na subira, maana zinakula muda. Na ukiwa na binti au mdogo wako anayesoma hivi vitabu chini ya shuka kwa mwanga wa simu, muulize aliujua mwisho kwenye ukurasa gani, kisha muulize kwa nini aliendelea kusoma. Atakujibu vizuri kuliko wahakiki wengi.